Usihukumu Kabla Hujasoma Mara ya Tatu

Ndugu msomaji, kama kuna kitabu ulichokipenda utotoni, kitafute ukisome tena kabla hujatoa hukumu ya mwisho juu ya mzazi wako, mwalimu wako au mahali palipokulea. Sikushauri hivyo ili ujifariji kwa kumbukumbu. Nakushauri kwa sababu kitabu hakibadili maneno yake. Kilichoandikwa humo ulipokuwa na miaka 12 ndicho kilichoandikwa leo, herufi kwa herufi. Ukikifungua ukaona mtu uliyemcheka zamani sasa anakutoa machozi, au shujaa uliyemsifu sasa anakukera, aliyebadilika ni wewe. Na kama umebadilika mbele ya kitabu ambacho hakikusogea hata nukta moja, una hakika gani na hukumu ulizowatolea watu hai, ambao hujawahi kuzisikia habari zao zote?

Somo hili nimeliona wazi zaidi Vitshumbi kuliko mahali pengine popote. Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kwenye ukingo wa kusini wa Ziwa Edouard, katika Kivu ya Kaskazini, zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya Goma. Kiko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, hivyo riziki ya wakaaji wake inatoka majini. Pirogi zinarudi alfajiri. Akina mama wanapokea tilapia na kambale, wanawapasua, wanawatia chumvi au kuwakausha kwa moshi, huku ndege waitwao marabu wakirandaranda kati yao wakingoja matumbo ya samaki. Lori linachukua samaki kuwapeleka Kiwanja, Rutshuru na Goma, kisha linarudi na unga, sabuni, mafuta, na mara chache sana, kitabu.

Mahali ambapo kitabu ni adimu namna hiyo, hakisomwi mara moja kikatupwa. Mtoto mkubwa anakisoma, mdogo wake anakirithi pamoja na shati la shule, mjomba anakiazima, mtoto wa jirani anakirudisha bila jalada. Kinashonwa kwa uzi wa nyavu na kuvikwa karatasi ya mfuko wa saruji. Baada ya miaka, nyumba nzima imepita ndani ya kitabu kimoja, kila mtu kwa umri wake. Kinachotokea hapo ndicho ninachotaka tujifunze.

Kitabu ninachokisema ni cha Camara Laye, kiitwacho L'Enfant noir. Kilitoka Paris mwaka 1953, na tangu hapo kimesomwa na vizazi vya wanafunzi katika nchi za Afrika zinazosomesha kwa Kifaransa, Kongo ikiwamo. Camara Laye alizaliwa Kouroussa, Guinea, mwaka 1928, mtoto wa mhunzi na sonara. Alipokuwa kijana alikwenda Ufaransa kusomea ufundi. Huko, akiwa peke yake na akifanya kazi za mikono ili apate chakula, aliandika habari za nyumbani kwao: karakana ya baba, nguvu za mama, shamba la bibi wakati wa mavuno, jando, shule, na mwisho safari ya kuondoka.

Katika familia moja ya wavuvi ninayoijua vizuri, kitabu hicho kilisomwa jioni, chini ya taa ya sola. Msomaji alikuwa mvulana wa miaka 12. Anasoma kipande kwa Kifaransa, anasimama, anaeleza kwa Kiswahili. Babu yake ameketi karibu, wavu umetandazwa magotini, anatafuta matundu kwa vidole na kuyaziba. Mama wa mtoto anamaliza kutia chumvi samaki waliobaki. Mjomba, aliyesoma chuo Goma, ameegemea mlango.

Mtoto alikipenda kitabu tangu ukurasa wa kwanza, pale ambapo mwandishi, akiwa bado mdogo, anacheza na nyoka karibu na nyumba ya baba yake bila kujua hatari, akimtia kijiti mdomoni. Kwa mtoto, huo ulikuwa ushujaa mtupu. Alipenda pia usiku wa simba, wavulana wanapokalishwa porini gizani huku ngurumo zikiwazunguka. Na alipenda zaidi habari za mama wa Camara Laye, aliyeweza kuteka maji katika mto Niger wenye mamba wasimguse. Mtoto wa Vitshumbi, anayefundishwa tangu anatambaa kuangalia kiboko kabla ya kuinama ziwani na ndoo, hahitaji maelezo marefu kuelewa ukubwa wa jambo hilo. Hukumu yake ilikuwa moja: watu wa kitabu hiki ni wakubwa kuliko watu wa kawaida.

Mjomba alikuwa na hukumu nyingine. Aliuliza: mzungu yuko wapi? Guinea ilitawaliwa na Wafaransa wakati huo. Kodi ya kichwa iko wapi? Kazi za shuruti ziko wapi? Mtu anaandikaje juu ya utoto wake chini ya ukoloni, akajaza kurasa kwa dhahabu na ngoma? Swali lake si geni. Mongo Beti wa Kameruni, aliyezaliwa 1932, naye akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikishambulia kitabu hiki katika jarida la Présence Africaine katikati ya miaka ya 1950, akimlaumu mwandishi kwa kufumba macho. Ni swali la haki, na kijana asiyeuliza maswali ya namna hiyo ana upungufu. Lakini mjomba hakuishia hapo. Alimhukumu na yule mama wa kitabuni, anayepiga kelele za hasira aliposikia mwanawe anapelekwa Ufaransa. Alisema mama huyo ni mbinafsi, anamzuia mtoto kwenda mbele.

Babu hakujibu. Alimwomba mjukuu arudi nyuma, kwenye mazungumzo ya baba na mwana juu ya nyoka mdogo mweusi, yule ambaye kwa imani ya ukoo wao humletea baba habari za mambo yajayo. Katika mazungumzo hayo baba anamwambia mwanawe kwamba anaogopa hawatakaa pamoja vya kutosha, kwa kuwa mtoto yuko shuleni, na shule hiyo itampeleka kwenye shule kubwa zaidi, na ataondoka. Mtoto alisoma. Babu akasema, «Rudia.» Mtoto akarudia. Mikono ya mzee ilikuwa imesimama juu ya wavu. Kisha akasema kwamba alikisoma kitabu hicho akiwa sekondari, akayaruka maneno hayo, kwa sababu alikuwa na haraka ya kufika kwenye simba.

Yule mama wa nyumba alizungumza mwisho kabisa, na alisema maneno machache. Mwanawe mkubwa alikuwa ameondoka kwenda kusoma mbali. «Huyu mama hakukosa,» alisema. «Mjomba, ungojee uzae.»

Kitabu kimoja, nyumba moja, hukumu tatu. Nani kati yao alisoma vizuri? Mimi naona kila mmoja alishika kweli yake. Mtoto aliona ukuu ambao wakubwa wameuzoea mpaka hawauoni. Kijana aliona dhuluma iliyonyamaziwa. Wazee waliona gharama iliyolipwa na waliobaki nyumbani. Kosa linaanza pale mmoja anapofunga kitabu na kusema amekimaliza.

Wasomaji wangu wa Tanzania na Kenya wanaweza kulipima jambo hili kwa Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka 1951. Ukikisoma shuleni ukiwa mdogo, unafurahia nchi inayoelea hewani na wajumbe waliotumwa pande sita, hata mbinguni na ardhini, wakapata mateso njiani. Ukikirudia umeajiriwa, umeona mkubwa akimnyamazisha aliyeleta wazo jema, unagundua kwamba kitabu kilikuwa kinazungumza juu ya sheria tangu mwanzo. Wajumbe wale walirudi na faida kwa nchi yao, wakatiwa gerezani. Na ukikirudia umekuwa mkubwa wa ofisi, jiulize kwa unyofu: leo mimi ni Karama anayejitetea, au ni Majivuno anayemshtaki? Hilo ni swali ambalo mtoto hawezi kulijibu, maana bado hajapewa kiti cha kukalia.

Mwalimu Nyerere naye alituachia mfano mzuri wa kurudia. Mwaka 1963, akiwa tayari Rais, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Watu wangemsifu tu hata kama asingeigusa tena. Lakini aliirudia, akairekebisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mkuu wa nchi, mwenye shughuli zote zile, alikaa na kazi yake mwenyewe akaona inahitaji kunyooshwa. Kama yeye aliweza kurudia mistari ya tamthilia, sisi tunashindwaje kurudia neno tulilolitamka kwa hasira katika kikao cha ukoo?

Hapa Vitshumbi, hata ziwa limewafundisha watu kurudia kusoma. Mvulana anayeanza uvuvi anamwona kiboko kuwa adui tu: anapindua pirogi, anararua nyavu, anaua. Vijana wengi wa zamani wangefurahi kama viboko wote wangeondoka. Basi karibu wote waliondoka. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikadiriwa kuzidi 25,000, wengi wao ziwani humu na kwenye mito inayoingia humu. Kwa jinsi walivyowindwa kwa ajili ya nyama na meno, hasa katika miaka ya vita, kufikia 2005 hawakufika hata 1,000. Na mzee aliyezeeka akivuta nyavu ameona samaki wakipungua. Sababu ni zaidi ya moja: uvuvi umezidi, nyavu za matundu madogo zinakomba vifaranga. Lakini mojawapo ni kwamba kinyesi cha kiboko ni mbolea ya maji. Kinaotesha vijimea ambavyo tilapia anavila. Yule adui alikuwa analisha ziwa. Kiboko wa utotoni na kiboko wa uzeeni ni mnyama yule yule, na bado anaua. Aliyekua ni mvuvi, ambaye sasa anaujua upande wa pili wa habari.

Nasaha yangu ya kwanza, basi, ni hii: kihifadhi kitabu. Kama unacho, kifunge vizuri, kiweke ndani ya sanduku la bati mbali na unyevu na mchwa. Usikiuze kwa sababu umekwisha kukisoma. Kama ulikiazima, kirudishe. Haifai kujenga busara yako juu ya mali ya mwenzako. Na ukimwona mtoto anakipenda, mwachie akishike, hata kama atakichafua. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake kuliko kilichong'aa kabatini.

Ya pili: kirudie kwenye vizingiti vya maisha. Huna haja ya kukisoma kila mwezi. Kisome unapomaliza shule. Kisome unapooa au kuolewa. Kisome mtoto wako wa kwanza anapozaliwa, na tena siku anapofunga mzigo kuondoka. Kisome baada ya kumzika mzazi, ukiwa na nguvu za kutosha. Kila mara, andika kwa penseli pembeni tarehe na jina la yule uliyemwonea huruma. Baada ya miaka utakuwa na ushahidi wa tabia yako ulioandikwa na mkono wako mwenyewe, na hutaweza kuukana.

Ya tatu: usimdharau mtoto uliyekuwa. Kuna wasomi wanaofungua kitabu cha utotoni ili wajionee jinsi walivyokuwa wajinga. Hicho ni kiburi. Yule mtoto alisoma kwa moyo wote, hakusoma ili asifiwe na mtu, hakusoma ili ashinde mabishano. Pengine wewe wa leo umejua mengi lakini umepoteza uwezo wa kustaajabu. Ukigundua hivyo, kubali kufundishwa na mtoto. Mwache akusomee, na usimkatize kila mstari kumsahihisha matamshi.

Ya nne ndiyo kubwa kuliko zote: ukimaliza kusoma, nenda kwa watu. Kama kitabu kimekufungua macho juu ya mama wa Kouroussa, halafu huna habari na mama yako mwenyewe aliye hai, kusoma kwako kumekuwa bure. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nenda ukamuulize alivyofikiri siku ile alipokukatalia safari. Muulize baba kwa nini alikaa kimya. Usiende na mashtaka wala na hotuba. Kaa, msaidie kazi aliyo nayo mkononi, sikiliza. Mara nyingi utasikia habari ya deni, ya ugonjwa, ya askari barabarani, ya aibu fulani, ambayo wakati huo ulikuwa mdogo mno kuambiwa.

Najua kuna msomaji atakayeniambia: mzazi wangu alinitesa kweli, nikisoma mara mia sitaona kingine. Ndugu yangu, sitaki uyaite mateso malezi. Mabaya mengine hayabadiliki kwa umri wa anayeyatazama. Aliyempiga mtoto mpaka kumvunja, aliyemtoa binti shuleni kumuuza kwa mahari, aliyekula pesa za yatima, hao wamekosa jana, leo na kesho. Mjomba wa Vitshumbi naye alikuwa na haki ya kuuliza juu ya ukoloni, na umri usimnyamazishe. Kurudia kusoma hakufuti ubaya. Kunakusaidia kuutenganisha ubaya wa kweli na maudhi ya ujana, ili usiwaweke katika gunia moja mzazi aliyekudhulumu na mzazi aliyekukatalia tu. Anayechukia kila mtu kwa kipimo kimoja amewapunguzia hata waovu uzito wa hatia yao.

Na wewe mzee, usinisome kama nimeandika kwa ajili ya vijana pekee. Wewe nawe una kitabu ulichokifunga. Ulimhukumu kijana fulani kuwa mwizi wa ziwa kwa sababu alikamatwa na wavu wa matundu madogo. Je, ulimuuliza nani alimwuzia, na watoto wangapi wanakula kwa mkono wake? Mkemee, kwa kuwa vifaranga akivimaliza wajukuu wako hawatavua. Lakini mkemee kama mtu aliyewahi kuwa na miaka 20 na njaa. Babu niliyemtaja alikubali mbele ya mjukuu kwamba ujanani aliyaruka maneno ya maana. Hakupungukiwa heshima hata kidogo. Tangu jioni ile mtoto anamsomea bila kuombwa.

Siwezi kuandika juu ya Vitshumbi nikaacha vita. Machi 2024 kijiji kiliingia mikononi mwa waasi wa M23, na mapema 2025 Goma nayo. Anayekimbia risasi hubeba mtoto, sufuria na godoro, kitabu hubaki. Nawaambia waliopoteza vitabu vyao: kilichosomwa kwa upendo utotoni hakiibiwi chote. Wakusanye watoto jioni mahali mlipo, katika nyumba ya jamaa au chini ya hema, uwasimulie unachokumbuka, na ukikosea mpangilio si neno. Camara Laye mwenyewe aliandika akiwa mbali na kwao, kwa kumbukumbu. Tena maisha yake yana funzo kwa mkimbizi: alirudi Guinea, lakini katikati ya miaka ya 1960 akaikimbia serikali ya nchi yake, na alifariki Dakar, Senegal, mwaka 1980. Mtoto aliyelia akiiacha Kouroussa alikufa ugenini. Ukijua hivyo, kurasa za mwisho za kitabu chake zinasomeka tofauti kabisa, na hasira ya mama yake haionekani tena kuwa ya kipuuzi.

Ninyi wenye uwezo kidogo, walimu, mapadri, wachungaji, wafanyabiashara mnaopeleka malori Vitshumbi, wekeni kitabu kimoja juu ya magunia ya unga. Kisiwe cha kupitishia mtihani tu. Kiwe cha hadithi, ambacho mtoto atakipenda na kukirudia akiwa na mvi.

Na wewe mwenye mzazi hai, nenda kamwamkie wiki hii. Kama njia imefungwa, mpigie simu. Muulize lile ambalo hukuwahi kumuuliza, na umsikilize mpaka amalize kabla hujasema lako.